Kama, Sawa, Kufanana: Wazanzibari wa Durban na swali la "unafanana na nani?"

Kwenye kipindi kilichopita tulicheka sana na makosa yetu ya Kiswahili, na kosa langu ndilo lililoshinda. Kwa ambao hamkusikiliza: nilikuwa na miaka kama tisa, jirani yetu amejifungua, tumekwenda kumwona mtoto. Nikamwambia mama kwa furaha, "Anaangalia kama baba yake!" Mama akatazama kitandani, akamtazama baba wa mtoto, akaniuliza, "Anaangalia nini?"

Nilikuwa nimekamata Kiingereza na kukivisha nguo za Kiswahili. Nilichosema ni kwamba yule kichanga anatazama vitu kwa namna ile ile anavyotazama baba yake. Nilichotaka kusema ni "amefanana na baba yake." Basi.

Baada ya kipindi niliahidi kuandika kidogo kuhusu maneno ya kufananisha, maana wengi wetu tuliokulia hapa yanatuchanganya. Nilidhani itakuwa orodha fupi. Lakini kila nilipojaribu kutoa mfano kutoka Durban, nilijikuta nimerudi Bluff, kwa watu waliokuja mji huu kabla ya wazazi wetu sote, na ambao maisha yao yaliamuliwa na swali hilo hilo: huyu anafanana na nani? Kwa hiyo tuanze na maneno, halafu twende Bluff.

Maneno kwanza

Kiingereza kina kineno kidogo, like, kinachofanya kazi za watu wanne. Kinapenda, kinafananisha, kinatoa mfano, na mtu akikosa la kusema kinajaza nafasi (sisi hapo tuna "yaani"). Wanaochunguza asili ya maneno wanasema mzizi wake wa zamani ni neno lililomaanisha mwili. Kitu kilikuwa like kingine kwa sababu kilikuwa na mwili au umbo kama la mwenzake. Lishike hilo la mwili, tutalirudia.

Kiswahili kimegawa kazi. Tuchukue maneno matatu tu.

Kama. Limetoka Kiarabu. Linaweka vitu viwili begani kwa bega bila kusema vina undugu. "Dada yako anakimbia kama swala." Hakuna anayedai dada ni swala. Na angalia, kama hiyo hiyo ndiyo tunayotumia kwa sharti: "Kama mvua itanyesha, hatuendi." Ni neno lisiloahidi chochote. Kwenye maandishi utakutana na ndugu zake, "mithili ya" na "mfano wa."

Kufanana. Hili ni la Kibantu, na siri yake iko mkiani. Ule mwisho wa -ana ni ule ule wa pendana, onana, saidiana, yaani tendo la watu wawili. Huwezi kufanana peke yako. Ukifanana nami, nami nimefanana nawe. Jamaa zake ni kushabihiana, ambalo limetoka Kiarabu na hupenda kukaa vitabuni, kulandana, na kulingana, ambalo linakaribia kupimana kwa urefu, uzito au nguvu. Na kama umesoma shule hapa Durban, unalijua kufanana bila kujua kwamba unalijua. Wazulu husema bayafana, wanafanana. Mzizi ni ule ule. Picha au mchoro wanauita umfanekiso, sisi tuna mfano na mfanano. Nilipogundua hili darasani niliona kama nimekuta shangazi yangu kwenye basi la watu wengine.

Sawa. Hili pia ni la Kiarabu. Ni neno la mizani: pande mbili zimelala usawa mmoja, hakuna aliye juu. "Gawa sawa kwa sawa." "Watu wote ni sawa mbele ya sheria." Kisha tunalitumia kuitikia, siku nzima, sawa, sawa, hadi tunasahau uzito wake. Kwa wazazi waliotoka Kongo mashariki sawa hufanya kazi ya kama pia. Mama yangu, mzaliwa wa Uvira, huniambia "Uko sawa baba yako," na maana yake ni kwamba nimefanana naye. Rafiki zangu wa Dar wakimsikia hudhani anazungumzia haki zangu nyumbani. Mama hajakosea. Hicho ndicho Kiswahili cha kwao.

Ukiyapanga matatu utaona hatua. Unaweza kuwa kama mtu bila kufanana naye. Unaweza kufanana naye kabisa, na bado msiwe sawa. Wazee husema vidole havilingani, na hakuna anayevichagua kipi kikatwe. Sasa twende Bluff.

Meli ya 1873

Mwezi wa Agosti 1873 manowari ya Waingereza, HMS Briton, iliingia Port Natal, ndivyo bandari yetu ilivyoitwa, ikiwa na watu zaidi ya mia moja walioondolewa utumwani. Miezi miwili nyuma, tarehe 5 Juni 1873, Sultan Barghash bin Said wa Zanzibar alikuwa ametia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao, akisukumwa sana na Waingereza. Manowari zilikuwa zinakamata majahazi na kuwashusha watu. Likabaki swali ambalo hawakuulizwa wao: wapelekwe wapi?

Natal ilinyosha mkono haraka, na si kwa huruma tu. Lilikuwa koloni la miwa. Tangu 1860 lilikuwa likileta vibarua wa mkataba kutoka India, lakini kuanzia 1866 meli za India zilisimama, na zilikuja kuanza tena 1874. Mikono ilihitajika. Kwa hiyo watu waliokombolewa waliwekwa chini ya ofisi ile ile iliyowasimamia vibarua wa Kihindi, wakagawiwa kwa waajiri kwa mikataba ya miaka kadhaa. Huru, lakini chini ya mkataba. Hadi kufikia 1880 walikuwa wamefika takriban 500.

Wengi wao walikuwa Wamakua, watu wa kaskazini ya Msumbiji. Lakini kwa kuwa walipitia Zanzibar, mji ukawaita Wazanzibari. Wengi hawakuwahi kuishi Unguja hata mwaka mmoja. Walikuwa kama Wazanzibari. Unaona jinsi neno lile lisiloahidi chochote lilivyowafaa waliowapokea.

Jina lilikaa. Wengi walikuwa Waislamu, wengine walijiunga na misheni ya Kikatoliki hapo hapo Bluff. Mwishoni mwa karne ya 19 wadhamini wa Kiislamu, Wahindi wa Durban, walinunua ardhi King's Rest, upande wa Bluff unaotazama bandari, ili Wazanzibari wapate pa kukaa. Wakajenga nyumba, wakawa na msikiti wao na makaburi yao, na wakaendelea kuzungumza Kimakua, kizazi baada ya kizazi. Karibu miaka sitini waliishi hapo, wakitazama meli zinaingia kupitia mlango ule ule walioingilia babu zao.

Sheria inayotazama

Mwaka 1950 serikali ya ubaguzi ilipitisha sheria mbili zilizokuwa kama mkono wa kulia na wa kushoto. Sheria namba 30 ilikuwa ya kusajili watu: kila mtu aandikwe ni wa kundi gani, mzungu, chotara au mzawa, neno walilotumia kwa Mwafrika mweusi. Sheria namba 41 ilikuwa ya maeneo: kila kundi likae pake.

Lakini ofisa atamtambuaje mzungu? Hapa ndipo nilipofunga kitabu nikazunguka chumbani. Sheria ilisema, kwa maneno yangu, kwamba mzungu ni yule ambaye kwa sura ni mzungu waziwazi, au ambaye watu kwa jumla wanamkubali kuwa mzungu. Wangeweza kuuliza mtu alizaliwa na nani au alizaliwa wapi. Waliuliza anafanana na nani, na watu wanamwonaje. Kumbuka ule mzizi wa kale wa like, mwili. Sheria ilikuwa imeurudia bila kujua. Watu walipitishiwa penseli kwenye nywele kuona kama itaanguka.

Na huko "kufanana" hakukuwa na -ana. Upande mmoja ulitazama, upande wa pili ulitazamwa. Anayejulikana zaidi labda ni Sandra Laing, aliyezaliwa 1955 na wazazi walioandikwa wazungu. Mwaka 1966 alifukuzwa shule ya wazungu kwa sababu ya rangi yake na nywele zake, akaandikwa chotara. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa ili asili ya wazazi ihesabiwe, akaandikwa mzungu tena. Mtoto yule yule, mwili ule ule. Kilichobadilika ni karatasi.

Waasia Wengine

Sasa mfikirie ofisa anayefika King's Rest na fomu zake. Anaona watu weusi. Kwa macho ya sheria ile, ni wazawa: pasi mfukoni, makazi kwenye vitongoji vya weusi, shule za elimu ya kibantu kwa watoto. Lakini watu wenyewe wana majina ya Kiislamu, msikiti, ardhi iliyoshikwa na wadhamini wa Kihindi, na jina linalotaja kisiwa cha mbali chenye sultani. Sisi ni Wazanzibari, walisema. Jina walilopachikwa kimakosa 1873 likawa mwavuli.

Mwaka 1959 serikali iligawa kundi la machotara katika vijikundi. Kulikuwa na Wamalay, Wagriqua, Wachina, Wahindi, na kapu jingine lililoitwa Waasia Wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wazanzibari wa Durban walitiwa kwenye kapu hilo. Soma tena polepole: Wamakua, watu wa bara la Afrika, waliofika kwa jina la kisiwa cha Afrika, waliandikwa Waasia.

Miaka ile ile Bluff ilikuwa imetengwa kwa wazungu. King's Rest ikaondolewa. Kwa sababu karatasi ilisema Waasia, hawakupelekwa kwenye vitongoji vya weusi. Walipelekwa Chatsworth, mji mpya uliojengwa kwa ajili ya Wahindi, wengi wao mtaa wa Bayview.

Nimewasikia watu wa rika letu wakisimulia kisa hiki kwa kicheko, au kwa kidole: waliukana Uafrika wao. Mimi siwezi kunyosha kidole, na nitawaambia kwa nini baadaye kidogo. Kwanza tazama hesabu iliyokuwa mezani. Upande mmoja, pasi, na mtoto wako kufundishwa kwa makusudi asifike mbali. Upande wa pili, jina ambalo mji wenyewe ulikupa na umekuwa ukikuita kwa miaka themanini. Wewe ungeandika nini?

Lakini tazama pia walichopata. Walipata kuwa kama Waasia. Kuwa sawa hawakupata. Mwasia Mwingine hakuwa na kura. Hakuweza kubaki kwenye nyumba aliyozaliwa ikiwa mzungu ameitaka. Nyumba, msikiti na bahari waliyoizoea waliviacha nyuma. Kufananishwa na mtu aliye juu yako kidogo kulikupandisha ngazi moja, na ngazi yenyewe ilibaki pale pale.

Kuna jambo ambalo karatasi haikuligusa. Huko Bayview, zaidi ya miaka mia moja baada ya HMS Briton, wazee waliendelea kuzungumza Kimakua. Na baada ya 1994, kuwa Mwafrika kulipoacha kuwa hukumu, wengi walianza kusema waziwazi: sisi ni Wamakua. Uhusiano na ndugu wa kaskazini ya Msumbiji ukafufuliwa. Wengine wanalipenda bado jina la Wazanzibari, na wengi wana majina yote mawili, hili la nyumbani, lile la barabarani. Nani kati yetu hana majina ya hivyo?

Kiwiko

Sasa zamu yetu. Sheria zile mbili zilifutwa 1991, mwaka niliozaliwa. Mwaka 2008, wageni waliposhambuliwa huko Gauteng na moto ukafika hadi Durban, zilienea habari kwamba waliokuwa wakiwatafuta wageni walimsimamisha mtu na kumwuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Indololwane. Ukikosa, wewe si wa hapa. Mwili tena, safari hii mwili na ulimi pamoja.

Nilikuwa kidato cha juu. Mama alitupanga sebuleni kabla ya kwenda shule akasema, "Kwenye teksi niiteni mama tu, musiongeze neno." Mama ni mama kwa Kizulu na kwa Kiswahili. Lilikuwa neno pekee salama tulilokuwa nalo, na tulilitumia safari nzima, mama, mama, kama watoto wa miaka miwili.

Mwaka 2015 ikawa hapa hapa. Fujo zilianza Isipingo, zikaenea. Watu wa Kongo, Burundi, Malawi na kwingineko walilala kwenye mahema ya muda, Isipingo, Phoenix na Chatsworth. Ndiyo, Chatsworth, mji ule ule walikoshushwa Wazanzibari nusu karne kabla. Nilikwenda na marafiki kupeleka mablanketi, na wakati ule sikujua kwamba mitaa michache kutoka pale kuna wazee ambao wangeweza kumweleza yeyote ndani ya mahema yale maana ya kuambiwa hufanani na watu wa hapa.

Na sasa kwa nini sinyoshi kidole. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha la ofisi moja, sitaitaja. Aliyekuwa upande wa pili alitazama picha yangu, akatazama jina, akanitazama mimi, akasema hufanani na karatasi zako. Nilimjibu kwa Kizulu, Kizulu cha Umlazi kabisa, pamoja na utani. Akacheka. Akagonga muhuri. "Kumbe wewe ni wetu," akasema, na mimi nikakubali kwa kichwa.

Nilitoka nje nimefurahi. Nilipofika kwenye gari, furaha ikaisha. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa amesimama baba mmoja mzee anayeshika begi kama la baba yangu, na alikuwa ameniamkia kwa Kiswahili dakika ishirini kabla. Alisikia kila kitu. Nilikuwa nimepita kwa kufanana, na kwa kupita kwangu nilimwonyesha aliye dirishani kwamba kipimo chake kinafanya kazi.

Singeweza kufanya tofauti siku ile, nilihitaji muhuri. Watu wa King's Rest nao walihitaji. Ndiyo maana sasa nikisikia mtu akisema "sisi sote Waafrika, tunafanana" kwa nia njema kabisa, nasita kidogo. Kufanana hakujawahi kumlinda mtu mji huu kwa muda mrefu. Kuna siku utafanana vya kutosha na kuna siku kiwiko kitakusahaulisha. Neno ambalo wazee wale walinyimwa, na ambalo baba yule kwenye foleni alistahili hata kama hajui Kizulu hata neno moja, ni lile la tatu. Sawa halikuulizi una sura ya nani.

Ukipita Bluff, jina la King's Rest lipo bado, kwenye stesheni ya reli. Shuka, tazama bandari. Ukiwa na babu au bibi, nenda naye, mwulize alikuja vipi, na umwache azungumze Kiswahili chake cha kwao, kiwe cha Uvira, cha Kigoma au cha Mombasa.

Na mtutumie sauti kwa ajili ya kipindi kijacho. Kwenu mtoto akizaliwa na pua ya babu yake, mnasemaje? Amefanana naye? Amelandana naye? Au kama mama yangu, yuko sawa babu yake? Chochote mtakachosema, tafadhali, mtoto asiangalie kama mtu yeyote.